Kuku tumwachie huru mapema hivi?

Mtoto analetwa hospitali anawaka homa, wala haharishi. Damu ikioteshwa maabara, anakutwa bakteria aitwaye salmonela. Mara nyingi ni ukoo uitwao ST313, wa aina ya salmonela iitwayo Typhimurium, ulioelezwa mwaka 2009 kutokana na sampuli za Malawi na Kenya. Huwaandama watoto wenye malaria au utapiamlo, na watu wazima wenye VVU. Si wachache wanaokufa. Sasa mtoto huyu kaipata wapi: kwa kuku na mifugo mingine, au kwa binadamu wenzake?

Jina ST313 limetokana na kusoma vinasaba 7 tu. Siku hizi husomwa jenomu nzima, yaani maandishi yote ya vinasaba vya bakteria, herufi karibu milioni 4.8, na bakteria wawili wakipishana herufi chache tunajua wametengana juzijuzi.

Wanaosema chanzo ni binadamu wana hoja nzito. Mwaka 2006 Samuel Kariuki na wenzake nchini Kenya walilinganisha bakteria wa wagonjwa na wale wa nyumbani kwao: wa ndugu wanaoishi na mgonjwa wengi walifanana na wake, wa mifugo na mazingira wengi walikuwa tofauti. Isitoshe, ST313 ina vinasaba kadhaa vilivyokufa, yaani visivyofanya kazi tena, kama ilivyo kwa bakteria wa homa ya matumbo, ambaye hana makao mengine ila mtu.

Lakini mwaka 2013 watafiti waliwapa kuku ST313 kwa majaribio, nayo ikapenya haraka hadi kwenye ini na wengu. Kwa hiyo mlango wa kuku haujafungwa.

Mimi naegemea upande wa binadamu, ila kinachonisumbua ni sampuli. Damu ya mgonjwa huwa na aina moja ya bakteria. Kinyesi cha bandani kina mchanganyiko. Kwenye sahani nyekundu ya kuoteshea, salmonela hutokea kama vidoti vyenye kiini cheusi, kila kimoja kikiwa kundi la bakteria, vyote sura moja. Mtaalamu akichota kidoti kimoja tu, tena kutoka banda lililopimwa mara moja, anaweza kuikosa ST313 iliyokuwa pembeni yake. Mashine itasoma kwa usahihi kabisa bakteria asiyehusika, na kuku ataonekana hana hatia.

Fedha za kusomea jenomu zinapatikana kuliko za kumrudisha mtu bandani, mferejini na chooni mwezi baada ya mwezi, achote vidoti kumi badala ya kimoja. Ningeanza kuzielekeza huko, na katika kaya ambazo mtoto amelazwa wiki hiyohiyo.