Haidrojeli na dawa zinazokataa maji

Haidrojeli ni wavu wa polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, uliofyonza maji. Nyingine ni maji kwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake. Tangu wanakemia Otto Wichterle na Drahoslav Lím walipoandika kuhusu matumizi yake ya kitabibu mwaka 1960, ulaini wake umeipa nafasi mwilini, kuanzia lenzi za macho. Sasa inatafutiwa kazi ngumu zaidi: kubeba dawa zisizoyeyuka vizuri katika maji, ambazo hukadiriwa kuwa kama asilimia 40 ya zilizoko sokoni. Dawa inayokataa maji itakaaje ndani ya kitu ambacho karibu chote ni maji?

Watetezi wake husema dawa hufungwa kwanza ndani ya misela, chembe zenye kiini kinachopatana na mafuta, au ndani ya siklodekstrini, pete za sukari zinazopokea dawa katika uwazi wake. Na haja ipo. Paklitakseli, dawa ya saratani, kwa miaka mingi imeyeyushwa kwa Cremophor EL, ambayo huwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali, hata hupewa dawa za kuuzuia kabla ya dripu. Kumwondolea mgonjwa mateso hayo ni sababu tosha ya kutafiti.

Lakini hapo aliyeyeyusha dawa ni misela, si jeli. Jeli inaongeza tabaka jingine la kutengeneza na kuondolea vijidudu bila kuliharibu, na matundu ya wavu wake mara nyingi ni makubwa kuliko molekuli ya dawa, hivyo sehemu kubwa inaweza kuvuja saa za mwanzo. OncoGel, jeli ya paklitakseli iliyodungwa ndani ya uvimbe, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya umio pamoja na mionzi na dawa za kawaida. Haikuongeza nafuu.

Mimi naona tunaitaka jeli itibu kasoro isiyo yake. Tazama Dextenza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018: kijiti cha haidrojeli kinachowekwa kwenye mfereji wa machozi baada ya upasuaji wa jicho, kikiwa na miligramu 0.4 za deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi. Dawa hii huyeyuka kwa shida, na shida hiyo ndiyo inayosaidia: inatoka kidogo kidogo hadi siku 30, na mgonjwa haandamwi na ratiba ya matone. Kwa kidonge cha kumezwa hali ni kinyume. Dawa ina saa chache tu za kuyeyuka tumboni na kwenye utumbo, na jeli ikiichelewesha zaidi, sehemu yake itatoka na choo bila kufika kwenye damu.

Hata jichoni kuna gharama. Steroidi inaweza kupandisha shinikizo la jicho. Likipanda, matone mgonjwa huyaacha mwenyewe siku hiyohiyo. Kijiti lazima daktari akisukume nje au akisafishe kwa maji ya chumvi.