FLO wameimba kwa ajili yetu wa sauti ya pili

Huu ni mwaka wa 11 naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Mwanga, Kigoma. Waliowahi kusimama mstari ule wananielewa. Sauti ya kwanza inabeba wimbo, na watu hutoka ibadani wakiimba hiyo hiyo hadi sokoni. Besi inatetemesha mabenchi. Sisi tuko katikati, tunashika noti moja kwa muda mrefu, tunashuka nusu hatua, tunarudi. Tukikosea, kanisa zima linageuka. Tukipatia, watu wanasema wimbo umenoga, basi.

Kwa hiyo ninapoandika kuhusu Access All Areas, albamu ya kwanza ya FLO, naomba mjue nimesikiliza nikiwa nimesimama wapi.

Kwa wasiowajua, FLO ni wasichana watatu wa Uingereza: Jorja Douglas, Stella Quaresma na Renée Downer. Walitoka Machi 2022 na Cardboard Box, wimbo wa msichana anayemfungashia mwanamume vitu vyake kwenye boksi na kummwaga. Wakachukua tuzo ya chipukizi ya 2023 ya Brit, tuzo kubwa za muziki za Uingereza, wakiwa kundi la kwanza la wasichana kuipata, na BBC nao wakawaweka juu kabisa kwenye orodha yao ya wasanii wapya wa 2023. Mwaka huo huo wakatoa wimbo na Missy Elliott, rapa wa Marekani. Halafu sisi mashabiki tukakaa tunasubiri albamu, tunasubiri, hadi ikatoka 15 Novemba 2024. Kwao Uingereza ilifika nafasi ya 3.

Niliishusha kwa bando la usiku, nikaisikiliza mara tatu mfululizo gizani, simu kifuani. Asubuhi nikaipiga saluni.

Fundi mwenzangu hakumaliza hata wimbo wa tatu. "Dada, hawa si Destiny's Child wamerudi?" Mteja aliyekuwa anasukwa akaitikia kwamba hata yeye amesikia hivyo. Nimekutana na maneno haya kila ninapowataja FLO, na nataka niyajibu vizuri, maana yana ukweli ndani yake lakini yanaishia njiani.

Ni kweli wanafanana. Destiny's Child, lile kundi la Marekani alikotoka Beyoncé, kwenye Say My Name ya mwaka 1999 waliimba kwa kukatakata maneno, silabi zinamiminika juu ya midundo kama mvua ya kwenye bati, kisha ghafla wote wanaingia pamoja. FLO wameisoma ile kazi mstari kwa mstari. Wamewasoma SWV pia, na TLC, makundi mengine ya wasichana wa Marekani. Hawafichi. Lakini kufanana na mwalimu wako si kosa. Kwaya zote za hapa mjini zinaimba kwa namna iliyoanzia kwa mwalimu fulani wa zamani, na hakuna anayesimama kanisani kusema hawa wameiga. Swali ninalojiuliza mimi ni kama sauti zenyewe zinashikana. Na hapa zinashikana.

Nieleze ninavyolisikia jambo hili, maana ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Chukua do, noti ya kwanza katika do, re, mi, fa, so. Weka so juu yake. Utasikia kitu kikubwa na kitupu, kama ukumbi kabla ya viti kuletwa. Hakina furaha wala huzuni. Sasa weka mi katikati: papo hapo wimbo unatabasamu. Ishushe ile mi nusu hatua tu, na wimbo wote unaingia kilio, ingawa wa juu na wa chini hawajasogea hata kidogo. Yaani noti ya katikati, ile ambayo hakuna anayeondoka akiiimba, mara nyingi ndiyo inayoamua wimbo ucheke au ulie. Nimelijua hili tangu nilipoanza kusoma solfa, na kwa miaka mingi sikuwa na muziki wa kidunia wa kumwonyesha mtu nikamwambia, sikiliza, ni hapa.

Sasa ninao. Kwenye Caught Up, wimbo wa msichana anayemnasa mwanamume kwenye uongo wake, kiitikio kingeweza kuwa cha hasira tupu. Nusu ya kwanza ya siku nilikisikia hivyo. Nilipoanza kuifuata sauti ya katikati peke yake, nikaziacha nyingine zipite, nikakuta huzuni imejificha humo. Msichana anamkaripia mwanamume huku moyo wake unauma, na kinachotuambia kwamba unauma ni noti, wala si maneno.

Shoulda Woulda Coulda ndio wimbo wangu wa albamu nzima. Sitaki kuuchambua sana. Kuna mahali wote watatu wanaingia pamoja baada ya mmoja kuimba peke yake, na kila mara mikono yangu inasimama kwenye nywele za mteja.

Kuna watakaosema siku hizi hayo ni mambo ya studio. Msichana mmoja anaweza kurekodi mstari ule ule mara 20, zikarundikwa, nyingine sikio la kushoto nyingine la kulia, ukapata kwaya nzima kutoka koo moja. Ni kweli, na hata FLO wanarundika. Lakini sauti ya mtu mmoja iliyorundikwa inakuwa ukuta uliopakwa rangi moja. Hawa ukisikiliza unawatenganisha. Jorja ana sauti pana inayopanda bila woga. Renée ni laini, anaimba kama anayekuambia kitu sikioni. Stella ana uzito kidogo chini, na mimi humfuata yeye zaidi. Wakiungana huwezi kusema nani kapotea. Mtayarishaji MNEK, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria ambaye naye ni mwimbaji, amekuwa nao tangu Cardboard Box, na unasikia kabisa kwamba sauti zimepangwa na mtu anayeimba. Hazikumwagwa tu juu ya midundo. Na kama bado una shaka, tafuta video zao wakiimba bila ala yoyote. Hapo hakuna pa kujificha.

Si kila kitu nimekipenda.

Albamu inafunguliwa na mwigizaji Cynthia Erivo akiwatambulisha FLO kama warithi wa makundi ya wasichana yaliyotangulia. Nampenda sana Cynthia Erivo, lakini ule mwanzo umenikera. Mgeni anaingia ukumbini, na kabla hajafungua kinywa unamsomea majina ya bibi zake wote. Majina hayo hayo ndiyo yanayowafanya watu saluni kwangu waseme FLO wameiga. Waache waimbe kwanza, tutawatambua.

In My Bag wamemshirikisha GloRilla, rapa kutoka Memphis. Ana nguvu, simkatai, lakini beti lake linakuja na kuondoka kama mtu aliyeshuka kwenye gari kusalimia, na muda ule ningeutaka kwa daraja, kile kipande cha kuvukia kwenda kiitikio cha mwisho, la sauti tatu. Katikati ya albamu pia kuna nyimbo za polepole zinazofuatana hadi nikawa siwezi kusema hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi. Nyimbo 16 ni nyingi. Zingekuwa 12 ningefurahi zaidi. Na zile za chumbani, kama Walk Like This, sizipigi saluni mchana, kwa sababu huja watoto wa shule kusukwa na mama zao wamekaa pale pale.

Wimbo wa mwisho, I'm Just a Girl, ulinishtua kwa magitaa yake makali. Unazungumzia nafasi ya wasichana weusi katika biashara ya muziki. Siku ya kwanza nilidhani umepotea njia. Siku ya nne nikauelewa: baada ya kuimba kwa adabu albamu nzima, wakaamua kupaza. Ningependa kuwaona wakifuata njia hiyo zaidi.

Tangu hapo kuna jambo linaniuma, na linahusu huku kwetu.

Kigoma si mji mgeni kwa muziki. 2012 wasanii wenye asili ya huku walikusanyika wakajiita Kigoma All Stars, akina Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex, Ommy Dimpoz na wenzao, wakatoa Leka Dutigite. Nilikuwa binti mdogo, na wimbo ule ulipigwa kila kibanda kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Nilijivunia, na bado najivunia. Lakini sasa nikiusikiliza nasikia mkusanyiko: huyu ana mistari yake, anampisha yule, yule anampisha mwingine. Hiyo ni kazi nzuri ya aina yake. Kundi ni kitu kingine. Kundi ni pale unapokubali sauti yako isijulikane ili ya pamoja ijulikane.

Na wasichana wetu wakubwa wote wanasimama peke yao. Lady Jaydee peke yake, Nandy peke yake, Zuchu peke yake. Nawapenda wote watatu. Huwa nafikiria wangekutana kwenye kiitikio kimoja, nani angekubali kushuka akashike mi. Najua sababu mojawapo ni pesa: malipo ya shoo moja ukiyagawa kwa watatu, kisha ukatoa ya meneja, kinachobaki hakimfikishi mtu mbali. Lakini nadhani kuna sababu nyingine, nayo ni kwamba tumewafundisha mabinti wenye sauti kwamba mwenye kipawa ni yule anayesikika juu ya wengine. Shindano likiwekwa popote, anashinda aliyepanda zaidi na kuweka manjonjo mengi zaidi. Sijawahi kuona binti akipewa hata soda kwa kushika noti moja vizuri beti nzima.

Halafu kila Jumapili, makanisani kote Kigoma, kuna makumi ya wasichana wanaofanya kazi hiyo hiyo kwa ustadi mkubwa. Ukitoka makanisani ukaenda Ujiji kwenye maulidi, utasikia mabinti wa madrasa wakiitikia kaswida kwa pumzi moja, mwanzo mmoja, mwisho mmoja, bila anayemzidi mwenzake. Kushikana tunakujua. Hatujawahi tu kukupeleka studio na kukuita muziki wa vijana. FLO wamefanya hivyo, wakiwa na umri wa miaka ya 20, kwa nyimbo za mapenzi na za kuachana ambazo binti yeyote wa hapa anazielewa hata kama Kiingereza chake ni cha shida.

Kwa albamu ijayo nina ombi moja tu kwao, ingawa halitawafikia. Wimbo mmoja bila ngoma, bila kinanda, bila mgeni. Sauti tatu na pumzi zao tusikie zinavyovutwa. Wanaweza, na nadhani wao wenyewe wanajua wanaweza, ila mtu fulani ofisini anaogopa kwamba watu wataruka wimbo. Mimi sitauruka. Nitaupiga hadi spika ya saluni ichoke.

Jumamosi iliyopita tulifunga mapema kwa sababu umeme ulikatika. Tulibaki mimi, fundi mwenzangu, na binti wa kidato cha tatu ambaye nywele zake zilikuwa hazijaisha, nikawa nazimalizia karibu na mlango kwa mwanga wa jioni. Yeye ndiye aliyeanza kiitikio cha Cardboard Box. Fundi mwenzangu, yule yule wa Destiny's Child, akaingia chini yake. Mimi nikashika katikati, mahali pangu pa siku zote. Binti akasimama, akageuza kichwa hadi msuko ukaniponyoka, akauliza, "Dada, hiyo uliyoimba iko kwenye wimbo?"

Nikamwambia imo tangu 2022.

Akaniomba niirudie peke yake. Nikairudia. Akajaribu, akavutwa na sauti ya juu, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka pale pale, kwenye mruko mdogo kabla ya mstari wa mwisho, mahali ambapo hata mimi nilihangaika wiki nzima. Mara ya tano akapita. Hakusema kitu, alishika tu goti langu akaendelea hadi mwisho, sisi wawili tukiwa juu na chini yake, na mama muuza migebuka aliyekuwa anapita na beseni lake akasimama barabarani kusikiliza.

Jumamosi hii anakuja tena. Nywele bado nzuri, hazihitaji kufumuliwa. Amesema anakuja kwa ajili ya Shoulda Woulda Coulda, na anataka ya katikati.