Ugali haukuanza jana

Anayegundulika na kisukari siku hizi hupewa agizo na majirani hata kabla daktari hajafungua mdomo: acha ugali. Na agizo lenyewe limepanuka. Zamani lilikuwa la mgonjwa. Sasa linasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa kila mwenye kitambi, kila aliyevuka miaka 40, na wapo wanaoanza kuwaachisha hata watoto. Wanga ni sumu, wanasema. Sahani ya ugali ni sahani ya sukari. Zipo video ambazo mtu anaweka bonge la ugali upande mmoja, upande wa pili anamwaga kijiko baada ya kijiko cha sukari mpaka kinakuwa kichuguu, kisha anakuangalia kana kwamba kesi imekwisha.

Kikemia hajadanganya sana. Wanga ni minyororo mirefu ya glukosi. Tafuna kipande cha mkate bila kukimeza na utaanza kuonja utamu, kwa sababu mate yana kimeng'enya cha amilesi ambacho huanza kuikata minyororo hiyo palepale mdomoni. Utumbo mdogo humalizia kazi. Kwa mwenye kisukari cha aina ya 2, ambaye insulini yake, homoni ya kushusha sukari ya damu, haifanyi kazi sawasawa, matonge makubwa yatapandisha kipimo cha sukari, na anayepunguza wanga kwa kawaida huona kipimo kikishuka, hasa miezi ya mwanzo. Wanaotoa ushuhuda kwamba walipunguza ugali wakapunguziwa na dawa hawasemi uongo. (Ila atumiaye insulini au vidonge vya kushusha sukari asiache wanga ghafla bila kumwambia daktari wake. Sukari ikishuka mno inaangusha mtu chini, na inaua haraka kuliko ile iliyopanda.)

Ninachogomea ni hatua inayofuata: kwamba kwa kuwa wanga hupandisha sukari ya mtu aliyekwisha ugua, basi wanga ndio uliomwuguza, na ambaye hajaugua auogope.

Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji vya Tanzania chini ya Profesa Donald McLarty wa Muhimbili. Walipimwa watu zaidi ya 6,000. Waliokutwa na kisukari walikuwa 0.87%, yaani hawakufika mtu mmoja katika kila 100. Miaka 23 baadaye, mwaka 2012, utafiti wa kitaifa wa STEPS uliwakuta wenye kisukari 9.1% kati ya watu wa miaka 25 hadi 64.

Najua takwimu hizi mbili haziwekwi kwenye mzani mmoja hivihivi. Ya kwanza ni ya vijijini tu na ilihusisha vijana wa kuanzia miaka 15, ambao kisukari hakijawafikia. Ya pili imechanganya mjini na kijijini na imeanzia kwa watu wazima. Ondoa basi unachotaka kuondoa kwa ajili ya umri, ondoa kwa ajili ya mji, ondoa na kwa ajili ya namna ya kupima. Pengo halifutiki. Na swali linalonikaa kichwani kila nikiziangalia ni moja: wale wanakijiji walikuwa wanakula nini? Walikula ugali. Ndizi, muhogo, viazi vitamu, mtama. Sehemu kubwa ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, maana nyama ilikuwa ya sikukuu na mafuta ya kupikia yalipimwa kwa kijiko. Kama wanga ndio mama wa kisukari, hao ndio wangekuwa wagonjwa wa kwanza.

Kilichoongezeka tangu hapo si ugali. Ni mafuta ya kupikia, soda, chapati za asubuhi, maandazi ya saa nne na chipsi mayai ya usiku. Ni bodaboda ya kwenda mwendo wa dakika kumi, na kazi ya kukaa. Chipsi zinaorodheshwa kwenye kosa la wanga kwa sababu kiazi ni wanga, lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu ya wanga ina 4, na kiazi kikitoka kwenye karai kimekwisha yanywa mafuta ya kutosha. Halafu tunaulaumu ugali, ambao kwenye sufuria hauingiziwi kitu zaidi ya maji na unga.

Huku kwetu jambo hili liliwahi kuonwa mapema, na watu waliokuwa na macho ya kitabibu. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa muda wa kama miaka 30, sehemu kubwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Denis Burkitt, mpasuaji aliyetoka Ireland, alikuwa Mulago hiyohiyo. Walizoea wodi ambazo magonjwa yaliyojaa katika hospitali za Uingereza hayakuonekana: kisukari kidogo, mshtuko wa moyo nadra mno. Mwaka 1956 Mwafrika mmoja kuugua mishipa ya moyo lilikuwa jambo la kumfanya Trowell aandike ripoti katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki. Mgonjwa mmoja! Miaka ya 1970, wakiwa wamerudi Uingereza, wawili hao wakajenga hoja kwamba tofauti iko kwenye nafaka na mizizi isiyochujwa makapi yake. Hawakusema wanga uliwakinga watu wa Uganda kwa uchache wake, uliwajaa tele. Walisema ulikuja na nyuzinyuzi zake.

Hoja yao ilikuwa na matundu, na wakosoaji wameyaonyesha. Watu wa wakati ule hawakuishi miaka mingi kama sasa, na wengi waliougua hawakufika hospitali wakahesabiwa. Ndiyo maana mimi naupa uzito zaidi utafiti wa karibuni, wa hapo Moshi. Watafiti wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichukua vijana wa kiume 77 wa Kilimanjaro, wote wazima, na matokeo yakatoka mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Waliokuwa wanakula chakula cha asili cha huko, yaani ndizi, maharage, mboga za majani, ulezi na mtama, wakahamishiwa kwenye chakula cha kisasa cha kiwandani kwa wiki mbili. Wa mjini waliozoea hicho cha kisasa wakarudishwa kwenye cha asili. Kundi jingine likapewa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja (na hapo nadhani hapakukosekana wa kujitolea).

Wiki mbili tu. Waliohamishiwa chakula cha kisasa, damu yao ikaonyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani kuongezeka, na chembe za kinga zikawa zinajibu vimelea kwa udhaifu. Waliorudishwa kwenye cha asili, uvimbe ukapungua, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwapo bado wiki nne baadaye. Watu wanaposimulia utafiti huu huishia kusema "chakula cha asili ni bora", wakapita. Wanaruka kitu kilicho mbele ya macho yao: chakula hicho cha asili ni wanga mtupu kwa mizani ya wanaotuasa tuuache. Kiburu ni ndizi na maharage. Mtori ni ndizi. Ulezi na mtama ni nafaka. Makundi yote mawili yalikula wanga, likapona moja na kuumia jingine. Kwa hiyo kuhesabu wanga peke yake hakukuwa na namna ya kukueleza nani ataumia.

Tofauti ya kweli unaweza kuiona kwenye mashine ya kusaga mtaani kwako. Mama anashusha debe la mahindi, kijana anamwuliza: "Tukoboe au tusage dona?" Dona ni punje nzima. Akisema tukoboe, punje inavuliwa ganda, na pamoja na ganda kinatoka kiini, kile chenye mafuta karibu yote ya punje na sehemu nzuri ya madini na vitamini zake. Kinachobaki kusagwa ni ile sehemu nyeupe, wanga na protini kidogo. Unga unatoka mweupe, laini, unasongeka haraka na mgeni hatakunong'ona. Pumba zinafungwa kwenye kiroba, zinauzwa kwa mfuga kuku. Nyuzinyuzi tunawapa kuku, sisi tunabaki na sembe, kisha tunashangaa njaa inarudi saa tisa.

Sembe humeng'enywa haraka kuliko dona, na mezani huliwa nyingi kuliko dona maana haichoshi. Hapo wapinzani wa wanga wana haki zaidi kuliko penginepo, ingawa walichokishika ni kinu, si nafaka.

Lakini upande wao una hoja mbili nzito ambazo mtetezi wa ugali hana ruhusa ya kuzikwepa. Ya kwanza ni utafiti wa PURE wa mwaka 2017, watu zaidi ya 135,000 katika nchi 18. Waliopata sehemu kubwa kabisa ya nguvu yao kutoka kwenye kabohaidreti (wanga na sukari kwa pamoja), wastani wa 77%, walikufa kwa wingi kuliko waliokula kiasi kidogo. Nyumba nyingi zetu za hali ya chini ziko kwenye 77% hiyo, au jirani yake. Ni kweli kwamba hesabu yao ilijumuisha na sukari, na kwamba anayekula wanga mtupu kwa kawaida ni maskini, na umaskini nao unaua. Uchambuzi mwingine wa mwaka uliofuata, katika jarida la Lancet Public Health, uliona waliokaa kati ya 50% na 55% ndio walioishi zaidi, na kwamba waliokula kidogo sana, chini ya 40%, walikuwa hatarini sawa na waliopitiliza 70%. Wenye kampeni ya kuuacha wanga hukisoma kipande cha waliopitiliza 70% na kufunga ukurasa.

Hoja ya pili ni ya watoto, na hii inanigusa zaidi. Mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania walikuwa wamedumaa. Mikoa mingine inayolisha nchi kwa mahindi ina udumavu mkubwa kuliko ile isiyolima. Mtoto anashiba uji mweupe, tumbo linajaa, na kilichomo ni wanga na maji. Trowell huyohuyo aliyesifu chakula cha Waganda ndiye aliyetumia miaka mingi ya kazi yake Mulago akishughulika na kwashakoo, watoto waliovimba miguu wakiwa wamejazwa ndizi au muhogo bila chochote pembeni. Wodi moja ilimwonyesha watu wazima wasio na kisukari, nyingine ikamwonyesha watoto hao.

Siyaoni mambo hayo mawili yakigombana. Nenda kwa mama ntilie saa saba mchana uangalie anavyopakua. Ugali unajaza zaidi ya nusu ya sahani. Maharage upawa mmoja. Mchicha ni kijiko, umepikwa ukaiva mpaka umesinyaa, na ukiomba uongezewe unaambiwa huo unalipiwa. Nyongeza ya ugali ndiyo ya bure. Mama hana kosa. Anapanga sahani kwa bei za sokoni, na kwenye soko letu hakuna kinachomshibisha mbeba mizigo kwa shilingi chache kama unga. Ukimwambia mbeba mizigo huyo aache wanga, unamwambia ale nini? Mlo wa nyama, mayai, parachichi na korosho kila siku ni wa mwenye mshahara. Ukimwambia sahani ibaki ileile, maharage yawe pawa mbili na mchicha uwe lundo, umemwambia kitu anachoweza kukifikiria, hata kama kitamgharimu kidogo. Shirika la Afya Duniani lilisema karibu hivyo mwaka 2023: kabohaidreti itoke hasa kwenye nafaka zisizokobolewa, mboga, matunda na kunde, na mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Hakuna palipoandikwa mwiko wa kusongea ugali uvunjwe.

Kuna na faraja ndogo ya kiporo. Wanga uliopikwa ukapoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa ngumu kumeng'enywa, ikapita mpaka utumbo mpana kulisha bakteria wenye manufaa. Badiliko hilo si kubwa na halibadilishi afya ya mtu. Ila kiporo cha wali kilicholala nje usiku kucha ni habari nyingine, kina bakteria wake.

Ningependa kumaliza kwa kusema kila mtu arudi kwenye dona. Siwezi, kwa sababu ya sumukuvu. Sumu hii ya ukungu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, palepale penye nyuzinyuzi tunazozitaka, na kukoboa huipunguza sana. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwamo, mahindi yenye sumukuvu yaliwauguza watu 317 na kuua 125 kati yao. Mwaka 2016 ikatokea tena Dodoma na Manyara. Anayekula dona ya mahindi yaliyovunwa mvua ikinyesha na kurundikwa sakafuni anajitia hatarini kuliko mwenye sembe. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha unyevu cha 13.5% kwa mahindi yanayouzwa, na mkulima mwenye turubai ya kuanikia na mifuko isiyopitisha hewa anaweza kukifikia. Wengi hawana hata turubai; wanaanika chini, pembeni mwa barabara, na mvua ikija wanayakumbatia kurudi ndani yakiwa nusu makavu.