Waziri ahojiwe wapi, ukumbini au kamatini?

Tangu mwaka 2023 mawaziri wa Kenya wamekuwa wakifika mbele ya kikao cha Bunge zima, mara nyingi siku ya Jumatano, kujibu maswali ya wabunge na maseneta. Utaratibu huo ulitokana na ombi la Rais William Ruto, ambaye mwaka 2022 aliwaandikia maspika wa mabunge yote mawili akipendekeza Kanuni za Kudumu, zinazoongoza vikao vya Bunge, zirekebishwe ili mawaziri waruhusiwe kuingia ukumbini. Walioliunga mkono pendekezo hilo walisema mwananchi atapata kumwona waziri akibanwa mchana kweupe, na waliolipinga wakasema Katiba haikukusudia hivyo. Huku kwetu Kisumu, Kakamega, Bungoma na Busia ubishi huu hauwahusu mawakili peke yao. Mengi yanayotukera, kama sukari, mbolea, ziwa na mpaka wa Uganda, yana mguu mmoja ndani ya nchi na mwingine nje, na kila waziri anayeulizwa hukabidhiwa kipande chake tu cha kujibu.

Katiba ya 2010 ilimtoa waziri Bungeni kwa makusudi. Kifungu cha 152 kinamkataza kuwa mbunge, na cha 153 kinamtaka afike mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa au ya Seneti anapohitajika, ajibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini yake. Kifungu hicho hakitaji ukumbi wa Bunge zima. Wanaopinga maswali ya Jumatano husimama hapo, wakidai kwamba kumrudisha waziri ukumbini kupitia Kanuni za Kudumu ni kufufua kwa mlango wa nyuma mfumo ambao wananchi waliukataa katika kura ya maoni. Wanaoyatetea hujibu kwa Kifungu cha 125, ambacho kinayapa mabunge yenyewe, pamoja na kamati zao, mamlaka ya kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi au habari. Kwa maoni yangu hoja hii ya pili ina uzito, kwa kuwa ni vigumu kueleza vipi kamati iwe na uwezo ambao Bunge lililoiunda halina.

Lakini kuruhusiwa na sheria ni jambo moja, na kufaa ni jambo jingine. Ukumbini swali huwa limekwisha kuchapishwa katika ratiba, na maafisa wa wizara wamekwisha kuandaa jibu. Mbunge anasoma swali lake, waziri anasoma karatasi yake, mbunge anauliza swali la nyongeza, wenzake wawili watatu wanaongeza ya kwao, huku Spika akitazama saa kwa sababu waziri mwingine anasubiri zamu. Hakuna kiapo anacholishwa waziri, wala hati inayowekwa mezani ikapekuliwa ukurasa kwa ukurasa. Kamatini mwenyekiti anaweza kumtaka katibu wa wizara alete mkataba wenyewe, kikao kikaahirishwa hadi uletwe, na kwa mujibu wa Sheria ya Mamlaka na Kinga za Bunge ya 2017 anayepuuza wito anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000.

Hata hivyo, wanaodharau maswali ya ukumbini kwa kuwa mengi ni ya barabara, daraja na kituo cha polisi hawajakaa katika viatu vya mbunge wa kawaida. Mbunge asiye katika kamati ya uchukuzi, chini ya utaratibu wa kamati pekee, alilazimika kubisha mlango wa kamati ya wenzake na kungoja mwenyekiti aone kwamba barabara yake inastahili muda. Jumatano imempa haki ya kumkabili waziri mwenyewe, na mpiga kura wake akasikia jibu kwa sauti ya mwenye wizara. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika utaratibu huu, na sioni busara ya kulitupa.

Swali gumu zaidi ni kama kumhoji waziri kunamfanya awajibike, na hapa historia ya wabunge wa Magharibi inatupa mifano miwili iliyopishana kwa miaka 16.

Mwaka 2008, hoteli ya Grand Regency jijini Nairobi iliuzwa kwa wawekezaji kutoka Libya. Habari za mauzo hayo zilianikwa na James Orengo, wakati huo Waziri wa Ardhi na Mbunge wa Ugenya, akiwa mwanachama wa baraza lilelile la mawaziri. Lilikuwa suala la fedha za umma na la uhusiano na nchi ya kigeni kwa wakati mmoja, na aliyeelekezewa lawama alikuwa Waziri wa Fedha, Amos Kimunya. Mbunge wa Ikolomani, Bonny Khalwale, aliwasilisha hoja ya kutokuwa na imani naye, na Bunge likaipitisha mapema Julai. Azimio lile halikuwa na nguvu ya kisheria ya kumfuta waziri kazi, kwa kuwa Katiba ya zamani haikuweka njia hiyo, lakini Kimunya alijiuzulu kabla ya wiki moja kwisha. Uchunguzi wa tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Majid Cockar ulimwondolea lawama, naye akarejeshwa katika baraza mwanzoni mwa 2009.

Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya mbolea. Wakulima walionunua mbolea ya ruzuku kwa Sh2,500 gunia la kilo 50, wengi wao kutoka maghala ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao (NCPB), waligundua msimu wa kupanda umewadia na baadhi ya magunia hayana mbolea ya maana. Mkulima anapolijua hilo huwa amekwisha kulima, ameazima fedha za mbegu na mvua imeanza. Jack Wamboka, Mbunge wa Bumula katika Kaunti ya Bungoma, aliwasilisha hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, safari hii akiwa na Kifungu cha 152 mkononi. Kifungu hicho kinahitaji hoja iungwe mkono na thuluthi moja ya wabunge ili iundwe kamati ya watu 11 ya kuchunguza katika siku 10, na ikithibitisha madai, kisha wabunge walio wengi wakapitisha azimio, Rais hana budi kumfuta kazi. Wabunge 149 waliiunga mkono, idadi iliyozidi kiwango kilichotakiwa. Kamati iliketi, ikawasikiliza mashahidi, na wanachama saba kati ya 11 wakaamua kwamba madai hayakuthibitishwa. Waziri, ambaye aliyakana madai hayo, akabaki kazini hadi Julai, Rais alipovunja karibu baraza lote la mawaziri kufuatia maandamano ya vijana.

Inashangaza kwamba Khalwale, ambaye sheria haikumpa chochote, alimtoa waziri, ilhali Wamboka, aliyekuwa na Katiba nzima nyuma yake, hakumtoa. Anayetetea mfumo wa sasa atasema hiyo ndiyo haki, kwamba waziri alipewa nafasi ya kujitetea na ushahidi ukapimwa badala ya Bunge kupiga kura kwa hasira, na atakumbusha kwamba Kimunya mwenyewe aliondoka kabla ya tume kumsikiliza. Siwezi kulipuuza jibu hilo. Lakini tofauti kubwa ninayoiona iko kwingine. Mwaka 2008 serikali ilikuwa ya muungano uliojaa mifarakano na hakuna upande uliokuwa na uhakika wa kumlinda waziri wake. Mwaka 2024 upande wa serikali ulikuwa na idadi ya kutosha katika kamati, na idadi hiyo ilikaa pale pale. Kwa hiyo nguvu ya swali la mbunge imetegemea zaidi uhuru wa Bunge lenyewe kuliko mahali waziri anaposimama au kifungu kinachotajwa.

Katika mambo ya nje udhaifu huu huonekana wazi zaidi. Mnamo Novemba 2023 Bunge liliidhinisha kupelekwa kwa polisi wa Kenya nchini Haiti, baada ya kamati zake kumsikiliza Waziri wa Usalama wa wakati huo, Kithure Kindiki. Mengi yaliyovuma kuhusu misheni hiyo yalihusu gharama na nani angelipa. Swali la msingi, yaani kama Baraza la Usalama wa Taifa lina mamlaka ya kuwatuma polisi nje, wala si wanajeshi, lilipata jibu mahakamani tarehe 26 Januari 2024, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba halina, na kwamba sheria ya polisi inataka kwanza pawe na mkataba wa kusaidiana kati ya nchi mbili. Serikali ilitia saini mkataba na Haiti mwezi Machi, na polisi wa kwanza wakaondoka Juni. Sidai kwamba wabunge walilala. Ninachosema ni kwamba walalamishi waliokwenda kortini waliuliza swali moja lenye makali kuliko yote yaliyoulizwa Bungeni, na wakapata jibu lililomfunga waziri.

Kisha kuna tukio lililofanyika hapa hapa Kisumu. Mnamo Julai 2024 wanachama 36 wa chama cha upinzani cha Uganda, FDC, walikamatwa mjini humu, wakapelekwa kwao na kushtakiwa kwa makosa yanayohusiana na ugaidi. Mnamo Novemba mwaka huohuo kiongozi wao wa zamani, Kizza Besigye, alitwaliwa jijini Nairobi na kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Je, ni mambo ya ndani au ya nje? Waziri wa Usalama anaweza kusema ni uhusiano wa nchi mbili, na wa Mambo ya Nje akasema ni kazi ya polisi. Ukumbini, ambako waziri mmoja hujibu swali moja na kuondoka, mwanya huo ni mpana. Isitoshe, wale 36 walipokamatwa, baraza lilikuwa limevunjwa na aliyesalia kazini alikuwa Musalia Mudavadi, Mkuu wa Mawaziri aliyekuwa pia na wizara ya Mambo ya Nje.

Mkulima wa miwa anaujua mwanya huo vizuri zaidi. Viwanda vinne vya sukari vya serikali, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vilikodishwa kwa wawekezaji kwa miaka 30 mwaka 2025, na mwaka huohuo, mwezi Novemba, ikafika kikomo kinga ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, iliyokuwa ikizuia sukari ya nje kumiminika, kinga iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuongezwa muda kila mara. Mkulima wa Nzoia akitaka kujua kesho yake, Waziri wa Kilimo atamweleza habari za ukodishaji, wa Hazina atazungumzia madeni, na wa Biashara ataeleza mikataba ya kanda. Kila jibu linaweza kuwa la kweli. Yakiwekwa pamoja bado hayamwambii mkulima kama muwa wake utanunuliwa kwa bei gani sukari ya jirani ikipita Busia bila kizuizi. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit kupitia Nakuru ina hadithi kama hiyo, ya mkataba uliotiwa saini Ufaransa mwaka 2020, ukafutwa, na kazi ikaangukia mikono ya kampuni za China, mojawapo kwa ushirika na NSSF, hazina ya malipo ya uzeeni.

Nani basi amuulize waziri? Hapo ndipo eneo letu lina tatizo lake la pekee. Tangu serikali jumuishi, iliyowachukua baadhi ya vigogo wa upinzani, iundwe Agosti 2024, Opiyo Wandayi, aliyekuwa Mbunge wa Ugunja na Kiongozi wa Wachache, ni Waziri wa Kawi. John Mbadi yuko Hazina, na Wycliffe Oparanya, gavana wa zamani wa Kakamega, anasimamia vyama vya ushirika. Mudavadi anatoka Vihiga, na anayeongoza kikao cha maswali katika Bunge la Kitaifa, Spika Moses Wetang'ula, ni wa Bungoma na aliwahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Wapo wanaosema hayo ni manufaa, kwamba watu wetu wako karibu na chungu, na sina sababu ya kuwacheka, kwani eneo hili lilikaa nje ya serikali kwa miaka mingi likiuliza maswali mazuri na kupata barabara mbovu. Lakini mbunge wa Nyanza anayesimama kumhoji waziri wa chama chake, tena aliyekuwa kiongozi wa upinzani jana, husimama na ulimi mzito.

Wapo pia wanaotaka mawaziri wateuliwe tena miongoni mwa wabunge, wakiamini ndipo watawajibika kila siku. Hao wakumbuke mwaka 1975, Bunge lilipopiga kura kuhusu ripoti ya kamati ya Elijah Mwangale juu ya mauaji ya mbunge J.M. Kariuki. Masinde Muliro alikuwa mbunge na waziri. Alipiga kura pamoja na wabunge wa viti vya nyuma, wasio mawaziri, kuikubali ripoti, akapoteza kazi, yeye pamoja na manaibu waziri Peter Kibisu na John Keen. Waziri aliye mbunge yuko ukumbini kila siku, ndiyo, lakini kura yake ni ya aliyemteua.

Seneta wa Busia, Okiya Omtatah, amechagua njia ya tatu, kuuliza Bungeni na kisha kwenda kortini. Sheria ya Fedha ya 2023, aliyoipinga pamoja na wenzake, iliharamishwa na Mahakama ya Rufaa Julai 2024 kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha Oktoba. Njia hiyo ni ndefu na si kila mbunge anayeimudu.

Ningependa maswali ya Jumatano yaendelee, lakini kwa masharti mawili. Swali linalogusa wizara zaidi ya moja lihamishiwe kikao cha pamoja cha kamati husika, mawaziri wote wakiwa wameketi meza moja na mikataba ikiwa mbele yao, pasiwe na wa kumsukumia mwenzake. Pili, kila ahadi inayotolewa na waziri ukumbini iingie katika orodha ya Kamati ya Utekelezaji, ambayo tayari ina jukumu la kufuatilia ahadi za serikali, na orodha hiyo isomwe hadharani kila muhula, ikimtaja waziri, tarehe aliyoahidi na kilichofanyika. Wabunge wa Magharibi na Nyanza wanaweza kuanza na sukari, maana mawaziri wa kujibu wanajulikana na kinga ya COMESA haipo tena.