Kigango kikirudi, kirudi kwa nani?

Katika mwambao wa Kenya, Wagiriama na jamaa zao Wamijikenda humchongea kigango mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Ni nguzo bapa ya mti mgumu, kichwa cha duara, kiwiliwili kimejaa pembetatu zilizochongwa kwa makini. Ni kazi ya kupendeza mno, ila haichongwi ili itazamwe. Marehemu humtokea mtu wa ukoo ndotoni, au maradhi huingia nyumbani, ndipo kigango husimamishwa, hufungwa vitambaa na kutambikiwa kwa tembo la mnazi. Kikishasimama hakiondolewi, hata ukoo ukihama. Kitaliwa na mvua na mchwa papo hapo, na hilo halimtii mtu wasiwasi.

Katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, vigango viling'olewa kwa mamia na kuuzwa ng'ambo kama sanaa. Wanaoyatetea majumba ya makumbusho husema vingekwisha kuoza, na dunia isingeujua ufundi wa Mgiriama. Siidharau hoja hiyo. Tena waling'oa mara nyingi vijana wa humohumo, waliobanwa na umaskini na wasioziogopa koma, yaani mizimu, za wazee. Inauma kukiri, lakini mgeni hawezi kubebeshwa lawama yote.

Hata hivyo, hoja ya kuoza inakipima kigango kwa mizani isiyo yake. Mwaka 1985 mzee mmoja alipigwa picha kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa, vikaishia Marekani. Picha hiyo ndiyo iliyothibitisha mwenyewe ni nani, vikarudishwa 2007. Yeye alikuwa keshafariki. Kwa miaka yote hiyo mbao zilikuwa salama kabisa, na ndugu wale wawili hawakuwa na mahali pa kutambikiwa.

Mtihani mgumu zaidi ni vile 30 ambavyo jumba la makumbusho la Denver, Marekani, liliamua kuvirudisha mwaka 2014, vikafika Kenya 2019. Haikujulikana vilitoka boma gani. Kuviweka katika makumbusho ya taifa kunavikinga na wezi, na wezi bado wapo. Lakini kwa ukoo uliopoteza, kabati la kioo la Nairobi lina tofauti gani na la Denver? Mimi ningewakabidhi wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, waamue, hata wakichagua kuvisimamisha msituni na mchwa wakavila.