Dosie Moja kwa Milango Kumi

Ingia katika sekretariati yoyote ya Lubumbashi, kwetu Kongo, vile vibanda vya kuchapa barua na kutoa fotokopi, utamkuta kijana amesimama mbele ya meza akisema, "Nitolee kumi." Anataka nakala kumi za dosie moja: barua ya kuomba kazi, CV, diploma, karata ya mtafuta kazi ya ONEM (ofisi ya taifa ya ajira), na fotokopi ya kadi ya mpiga kura ambayo kwetu ndiyo kitambulisho. Katika barua, mahali pa jina la kampuni pameachwa nukta nukta. Atapajaza kwa kalamu huko mbele, mlango kwa mlango.

Wanaofundisha vijana kutafuta kazi hawaipendi desturi hii. Wao husema kila tangazo liandikiwe dosie yake, kuanzia neno la kwanza. Nadhani wana haki kwa sehemu kubwa, lakini wanamdharau bure kijana wa nakala kumi. Hesabu yake ina akili.

Kwanza, yeye anajua kwamba matangazo mengine hutolewa ili utaratibu uonekane umefuatwa tu. "Ile nafasi iko na mwenyewe," watu husema, na mara nyingine ni kweli. Aliye nje hawezi kujua ni tangazo lipi liko wazi na lipi limeshapata mtu. Kukesha usiku mzima ukiandika barua nzuri kwa nafasi iliyokwisha kugawiwa ni hasara, na hasara hiyo inalipwa kwa karatasi, mega za simu na nauli.

Pili, kuna waajiri ambao barua hawaisomi kabisa. Tangu sheria ya Februari 2017 ilipotenga kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, kampuni ndogo zinazohudumia migodi zimekuwa mlango mkubwa wa vijana wa Katanga. Kampuni ya namna hiyo ikipata mkataba leo, inaweza kutaka mafundi wa kuchomelea na madereva kabla ya wiki kwisha. Anayepokea dosie anaangalia cheti, leseni na namba ya simu, basi. Hapo anashinda aliye na dosie tayari mkononi. Yule anayetafuta maneno mazuri ya barua bado yuko nyumbani.

Mambo yanageuka kwenye mgodi mkubwa, shirika la Umoja wa Mataifa au ONG (shirika lisilo la serikali) ya kimataifa. Tangazo lao lina orodha ndefu ya masharti, na mara nyingi anayefanya mchujo wa kwanza si fundi wa kazi hiyo. Ni karani mwenye jedwali: diploma ipo au haipo, miaka ya kazi inatosha au haitoshi, Kiingereza kipo au hakipo. Jibu lisipoonekana haraka, haendi kulitafuta ukurasa wa tatu. Na tangazo lenyewe limeshakuonya kwamba watakaoitwa ni waliochaguliwa tu, kwa hiyo hutapata hata barua ya kukueleza ulikosea wapi.

Chukua fundi umeme aliyeandika katika CV yake, kwa Kifaransa kama ilivyo desturi: "Fundi, 2019–2023, kazi mbalimbali." Tangazo linaomba miaka mitatu ya matengenezo ya umeme wa viwandani. Huyu mtu kwa miaka minne amekuwa akitengeneza mota za pampu na kukagua transfoma, zamu ya usiku, na vijana wawili chini yake. Yote hayo yamelala ndani ya "kazi mbalimbali". Akiandika mistari miwili iliyo wazi, "matengenezo ya mota za pampu na transfoma, usimamizi wa mafundi wawili wa zamu ya usiku", hajadanganya neno. Dosie ya milango kumi, kwa kuwa inataka kumfaa kila mtu, inalazimika kusema "kazi mbalimbali". Hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko zile nukta nukta za kalamu.

Halafu kuna msomaji wa mbali. Kampuni nyingi za shaba na kobalti ni za wageni, na dosie inaweza kufika mbele ya mtu asiyeijua shule yetu. Katika mfumo wetu wa zamani, licence ni miaka mitano ya chuo kikuu: mitatu ya graduat na miwili juu yake. Mfumo mpya wa LMD (licence, master, doctorat), ulioanza mwaka wa masomo 2021–2022, unaita licence ile ya miaka mitatu. Mhitimu wa zamani akiandika "licence" bila kutaja miaka, mgeni anaweza kumpunguzia miwili bila hata kujua. Kuongeza "miaka 5" kwenye mabano hakuchukui dakika.

Majina nayo yana mtego wake. Sisi tuna jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (kama lile la ubatizo), na fomu za mtandaoni mara nyingi zina visanduku viwili tu. Leo unaweka postinomu hapa, kesho pale, na diploma inasema kitu cha tatu. Chagua mpango mmoja unaofuata diploma na ushike huo huo kila mahali. Katika jambo hili watu wa nakala kumi wanawashinda wengine: wao angalau wameandika jina lao kwa namna moja.

Kuhusu barua, mabishano ni makali zaidi. Wengi bado tunaanza na ile "Nina heshima ya kuja mbele ya ukuu wenu", na mstari wa tatu ndipo kazi inapotajwa. Kwa mkuu wa ofisi ya Leta, yaani serikali, hilo ni adabu, na kuliacha kunaweza kuonekana ujeuri. Kwa karani wa mgodi mwenye mamia ya barua kwenye skrini, mistari miwili ya kwanza imepotea. Mimi ningebaki na salamu ya heshima, fupi, kisha moja kwa moja namba ya tangazo na jambo moja nililolifanya linalofanana na kazi wanayoitaka.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuandika dosie mpya kila siku. Vyeti havibadiliki. Hati ya kumaliza kazi, ambayo Kanuni ya Kazi ya 2002 inamlazimisha mwajiri kukupa mkataba unapoisha (na wengi wetu tunaondoka bila kuidai), haibadiliki pia. Kinachobadilika ni robo tatu ya ukurasa: kichwa cha CV, mistari michache ya uzoefu, barua. Robo tatu hiyo iende kwa matangazo yenye orodha ya masharti unayoyatimiza kweli. Kampuni ndogo zipate nakala zilizo tayari, bila kuona haya.

Na yule mjomba aliye ndani ya kampuni? Anasaidia, nani atakataa. Lakini akiulizwa na mkubwa wake kijana huyu anajua nini, naye atafungua karatasi hiyo hiyo na kukuta "kazi mbalimbali".

Jambo ambalo nakala kumi haziwezi kulifanya hata kidogo ni la wadhamini. Dosie nyingi zinataja watu watatu wa kupigiwa simu, na namba nyingine zilishabadilika. Hata simu ikipokelewa, mkubwa wa zamani anaulizwa kuhusu nafasi ambayo hakuwahi kuisikia, anabaki kusema, "Ni kijana mzuri." Ujumbe mfupi wa WhatsApp siku unapotuma dosie, wenye jina la kampuni, nafasi yenyewe na kazi moja mliyoifanya pamoja, unampa cha kusema. Ukiwa umetuma kumi kwa mpigo, utamwambia nini?