Baba Mkwe Kwenye Fuawe

Kufuli la springi halihitaji ufunguo ili lifunge. Kwenye ulimi wake zimepigiliwa kwa riveti bapa mbili za chuma cha springi, zimetanuka kuelekea nyuma. Ukiusukuma kwenye kasha, tundu linazibana. Zikishapita zinatanuka na kugoma kurudi. Ufunguo huingilia upande wa pili: ni kibati chenye tundu, kinateleza juu ya bapa na kuzibana, ndipo ulimi uchomoke. Makufuli ya zamani ya Waskandinavia yalifanya kazi hivyo, na mengine yalikuwamo kwenye sanduku la mwaloni la zana lililoibuliwa shambani Gotland, Sweden, mwaka 1936. Nilikuwa nafua la mtindo huo uani kwangu.

Baba mkwe akapita akienda kikao cha harusi, ndani ya Kaunda suti iliyopigwa pasi ikanyooka. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakukubali.

"Kufuli bila ufunguo litafungaje? Mkwe, usinidanganye mtu mzima."

Akapitisha ulimi kwenye kitanzi cha mkanda wa suruali yake, halafu kwenye mnyororo unaoishikilia fuawe kwenye gogo (vijana wa mtaa huu wanapenda mno vyuma chakavu), akasukuma. Ka! Akavuta. Akavuta tena.

"Haya, fungua."

Ufunguo ulikuwa bado ni kipande cha nondo.

"Si mkikate hicho kitanzi?" akasema mke wangu.

"Wakate nini? Suti hii?"

Basi ikabidi kufua, na fuawe ni hiyo hiyo moja. Kila nikipiga nyundo mnyororo unaruka, na mzee juu ya ndoo yake anaruka nao. Nikawa napiga, "samahani Baba," napiga, "samahani Baba." Cheche zilipoanza kumfikia, mke wangu akamfunga kanga kiunoni kulinda suti.

Kubonda ncha ya nondo mpaka unene wa milimita 3 na kuikunja si kazi. Kazi ni tundu. Chuma kitobolewe kikiwa cha rangi ya machungwa, kwa tindo ya pembe nne, kwanza upande mmoja kisha wa pili. Kikishapoa kuwa chekundu cha kiza, kingo zinachanika. Na vipimo vilikuwa finyu. Ulimi wenyewe ni milimita 4, bapa ni 1 kila moja, jumla 6, lakini vichwa vya riveti vilikuwa bado kupigwa tupa, vikafikisha ncha 7.4. Tundu la kuingilia ni 8. Ufunguo wa 7 ungegota kwenye riveti. Wa 8 ungepita bila kuzibana bapa vya kutosha. Nikatoboa 7, maana tundu hupanuliwa, halipunguzwi, nikaanza kupiga tupa kidogo kidogo nikijaribu.

Simu ya mzee ikalia. "Niko njiani," akasema, mkono mmoja umeshika mnyororo. "Kuna foleni hapa."

Mtaani kwetu hata bajaji hupita kwa msimu.

Kwenye 7.5 ufunguo ukavuka riveti, ukakwama katikati ya bapa. Nikaugonga kwa nyundo ya mti, taratibu, kasha nimelishikilia kwa koleo ili nisimguse mkwe. Ulimi ukachomoka.

Mzee akasimama, akajifuta vumbi, akatoka hata kuaga hakuaga. Alishafika barabarani mke wangu alipomkimbilia akipiga kelele, "Baba! Baba, kanga!"